Somo la Redio: Kuagiza Vifaa vya Kujazia Risasi Kutoka Ng'ambo

  Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake, kwa sababu leo tutasoma, tutaandika, na tutapiga hesabu.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza namna ya kuagiza kitu kutoka ng'ambo. Tulichukua mfano wa cherehani. Tuliona kwamba mnunuzi huuliza bei, hupata karatasi ya makadirio, hulipa kwa benki, halafu hungoja mzigo ufike bandarini. Somo la leo ni la kitu kingine. Ni kitu cha chuma, kinauzwa waziwazi katika nchi nyingine, na picha zake zinaonekana kwenye intaneti kama picha za cherehani. Lakini hakiagizwi kama cherehani. Mtu asiyejua tofauti hiyo anaweza kupoteza fedha yake, na pengine uhuru wake pia.

Nasema juu ya vifaa vya kujazia risasi.

Tuseme yuko mkulima mmoja, ana bunduki yenye leseni. Anailinda mihogo yake na nguruwe mwitu. Risasi ni ghali, na duka liko mbali. Siku moja anaona katika simu ya mwanawe tangazo la muuzaji wa Marekani: mashine ndogo ya mezani, dola 240, ya kutengeneza risasi upya nyumbani. Mkulima huyu si mwizi wala si jangili. Anataka kupunguza gharama tu. Je, aandike barua ya kuagiza? Tutamjibu mwisho wa somo, baada ya kuelewa mambo manne: kitu chenyewe ni nini, sheria ya kule kinakotoka, sheria ya huku kinakoingia, na hesabu ya fedha.

Kwanza: kitu chenyewe ni nini?

Wazee darasani wanalijua gobore. Gobore hushindiliwa kwa mdomo. Mtu hutia baruti, hushindilia, hutia goroli au vipande vya chuma, halafu huweka fataki nyuma. Nyundo ikigonga fataki, moto huingia ndani, baruti huwaka, na goroli hutoka. Kwa hiyo mwenye gobore anahitaji vitu vitatu: fataki, baruti na goroli.

Risasi ya bunduki ya kisasa ina vitu hivyo hivyo vitatu, na kimoja zaidi. Kitu hicho cha nne ni ganda. Ganda ni kikombe kidogo cha shaba nyeupe au madini mengine, nacho huvishika vile vitatu pamoja: fataki chini, baruti katikati, kichwa cha risasi juu. Bunduki ikipigwa, fataki imekwisha, baruti imekwisha, na kichwa kimekwenda. Ganda linabaki.

Hapo ndipo maarifa ya kujaza upya yalipoanzia. Katika risasi nyingi ganda la shaba ndicho kipande cha gharama kubwa, nalo laweza kutumika zaidi ya mara moja. Wawindaji wa Marekani wa karne ya 19, waliokaa porini mbali na maduka, walibeba vyombo vya mkono vya kujazia maganda yao. Kampuni ya Lyman ilianzishwa katika jimbo la Connecticut mwaka 1878, na mpaka leo inauza vifaa vya kazi hiyo. Mwaka 1943 ilianza kampuni ya RCBS huko Oroville, California. Mwaka 1949 ikafuata Hornady, katika jimbo la Nebraska. Leo katika Marekani mtu anayelenga shabaha kwa mchezo, au mwindaji, huweza kuwa na mashine hiyo kwenye meza ya karakana yake, kama sisi tunavyoweka jiwe la kunolea.

Vifaa vyenyewe ni vya namna hii. Kuna mashine ya kubana, ambayo ni mwili wa chuma wenye mkono wa kuvuta. Kuna kalibu, yaani vyuma vya kulirudisha ganda katika umbo lake, na kila aina ya risasi ina kalibu zake. Kuna mizani ndogo sana ya kupimia baruti. Kipimo chake huitwa punje, na punje 7,000 ndizo ratili moja. Fikirini udogo huo. Katika ratili moja ya sukari mtu akizidisha kidogo, chai inakuwa tamu mno, basi. Katika baruti mtu akizidisha punje chache, bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wake.

Hapa nataka kuwaonya wenye magobore. Baruti ya gobore ni baruti nyeusi. Baruti ya bunduki za kisasa ni nyingine. Iligunduliwa Ufaransa mwaka 1884 na mtu aitwaye Paul Vieille, nayo haina moshi mwingi. Nguvu yake ni kubwa kuliko ile nyeusi. Gobore likitiwa baruti hiyo ya kisasa laweza kupasuka na kukata mikono ya mwenye kulishika. Kwa hiyo maneno "baruti ni baruti" ni maneno ya hatari. Msiyakubali.

(Mapumziko mafupi. Mwalimu aandike ubaoni: FATAKI, BARUTI, KICHWA, GANDA. Wanafunzi wasome kwa sauti, kisha waandike.)

Sasa jambo la pili: sheria ya kule kinakotoka.

Watu wengi hufikiri kwamba kitu kikiuzwa dukani katika nchi fulani, basi nchi hiyo imekubali kiuzwe kwa watu wote wa dunia. Sivyo. Kuuza ndani ni jambo moja, na kupeleka nje ni jambo jingine.

Tuangalie Marekani. Sheria yao ya silaha ya mwaka 1968 inasema kwamba mtu anayetengeneza risasi kwa biashara ni lazima awe na leseni. Anayejaza za kwake mwenyewe, kwa matumizi yake, haidai leseni hiyo. Ndiyo maana mashine zinauzwa kwa wingi. Lakini kupeleka mambo ya risasi nje ya nchi kunasimamiwa na Serikali yao. Tangu tarehe 9 Machi 2020, risasi za kawaida za uwindaji na michezo, pamoja na mitambo na kalibu za kuzitengenezea, ziko katika orodha ya Wizara ya Biashara ya Marekani. Kabla ya siku hiyo mambo mengi ya namna hiyo yalikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje. Orodha ni ndefu, na namba ya kifaa pamoja na nchi kinakokwenda ndivyo vinavyoamua kama kibali kinahitajiwa. Kazi ya kuitafuta namba hiyo na kuomba kibali ni ya yule anayepeleka mzigo nje, wala si ya mnunuzi. Muuzaji mwaminifu anaijua kazi hiyo. Kwa sababu hiyo wauzaji wengi huandika wazi katika kurasa zao kwamba hawapeleki vitu hivi nje ya nchi yao. Ukisoma maneno hayo, yaamini. Usimwandikie muuzaji barua ya kumbembeleza.

Tena msidhani ni Marekani peke yake. Katika Uingereza, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2006, muuzaji hawezi kumwuzia mtu fataki bila kuona cheti chake cha silaha au haki nyingine iliyotajwa katika sheria. Mwaka 2023 Bunge la Uingereza likaongeza: mtu akikutwa na vipande vya risasi, naye anakusudia kuviunganisha kuwa risasi asizo na ruhusa nazo, hilo ni kosa. Sikilizeni vizuri hapo. Sheria haingoji risasi ikamilike. Vipande pamoja na kusudi vinatosha.

Mwaweza kuuliza, "Kama muuzaji mmoja amekataa, lakini mwingine amesema atapeleka, je?" Hapo ndipo pa kufungua macho. Muuzaji akikuambia, "Usijali, nitaandika juu ya sanduku kwamba ni vipuri vya baiskeli," huyo anakualika kwenye uongo wa forodha. Mzigo ukifunguliwa bandarini, jina lililoandikwa juu yake ni lako. Yeye yuko ng'ambo ya bahari, nawe ndiwe unayesimama mbele ya ofisa.

Wako na wengine ambao hawana mashine wala fataki. Wana picha tu. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, fataki na risasi ziliadimika sana Marekani. Watu walitafuta kila mahali. Basi walaghai wakatengeneza maduka ya uongo katika intaneti, yenye picha nzuri na bei ya chini, wakapokea fedha na kutoweka. Wamarekani wenyewe, walio karibu na viwanda, wanaosoma Kiingereza tangu utoto, walinaswa. Je, mtu aliye maili elfu nane kutoka huko atawezaje kumfuata tapeli? Dalili zao ni hizi: bei ya chini kupita wote, haraka ya kulipwa, na kutaka fedha itumwe kwa jina la mtu badala ya jina la kampuni.

Jambo la tatu: sheria ya huku kinakoingia.

Tuanze na posta. Umoja wa Posta Duniani, wenye makao yake Bern katika Uswisi, ulianzishwa mwaka 1874, na nchi zetu za Afrika Mashariki ni wanachama. Kanuni zake zinakataza kutia vitu vya kulipuka katika barua na vifurushi. Fataki na baruti zimo katika katazo hilo. Katika safari za meli na ndege nazo huhesabiwa kuwa mizigo ya hatari ya daraja la 1, yaani vilipukaji, na husafirishwa kwa masharti makali sana na watu wenye ruhusa. Kwa hiyo, hata kama mashine ya chuma ingefika, vile vya kuijaza ganda haviji kwa kifurushi. Mashine bila fataki na baruti ni kama jiko bila kuni.

Baada ya posta kuna forodha. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina sheria moja ya forodha, ya mwaka 2004. Ndani yake mna orodha mbili: vitu vilivyokatazwa kabisa, na vitu vyenye masharti. Silaha na risasi, zile za Sura ya 93 ya orodha ya bidhaa za forodha, zimo katika orodha ya vitu vyenye masharti. Maana yake ni kwamba haviingii ila kwa kibali.

Baada ya forodha kuna sheria ya silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leseni ya kumiliki bunduki ni ruhusa ya kumiliki bunduki hiyo. Si ruhusa ya kutengeneza risasi, wala si ruhusa ya kuziingiza nchini. Hizo ni ruhusa mbalimbali, kama vile leseni ya kuendesha gari isivyokuwa leseni ya kufungua kiwanda cha magari.

Labda mtu ataona huu ni ugumu wa Serikali tu. "Bunduki yangu wanaijua. Ganda langu ni langu. Wananizuia nini?" Swali hilo ni la haki, nami nataka kulijibu sawasawa.

Chukueni cheti cha silaha cha Kenya au cha Uingereza. Ndani yake huandikwa aina ya bunduki, na pia idadi ya risasi ambazo mwenye cheti anaruhusiwa kuwa nazo. Akinunua dukani, mwenye duka huandika katika kitabu. Kwa njia hiyo kila risasi ina hesabu: imetoka kwa fulani, imeuzwa kwa fulani, siku fulani. Ikionekana porini karibu na mzoga wa tembo, au kijijini baada ya wizi wa ng'ombe, kuna mahali pa kuanzia kuuliza. Sasa wekeni mashine ya kujazia katika nyumba moja bila ruhusa. Risasi zinazotoka hapo hazimo katika kitabu chochote. Mwenyewe ni mtu mwema, lakini jirani atakuja kuomba kumi. Shemeji ataomba ishirini. Siku moja atakuja mtu asiyefahamika, atatoa fedha nyingi, wala hatasema anakwenda kuwinda nini.

Nchi yetu imeona matunda ya risasi zisizo na hesabu. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kuwa kiasi cha 109,000. Mwaka 2014 walibaki kiasi cha 43,000. Katika miaka mitano tu walipotea zaidi ya nusu, na jambo kubwa lililowamaliza lilikuwa ujangili. Katika mipaka ya kaskazini, kwa Waturkana na Wakaramojong, wizi wa mifugo ambao zamani ulikuwa wa mikuki umekuwa wa bunduki, na wamekufa watu wengi, wakubwa kwa watoto. Bunduki iliyokosa risasi ni rungu tu. Kwa hiyo mataifa yaliyotaka kuzuia mauaji yameangalia risasi pamoja na bunduki.

Mwezi wa Aprili mwaka 2004, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi mjini Nairobi mkataba wa kuzuia silaha ndogo ndogo. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwamo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya utengenezaji haramu wa silaha, uliopitishwa mwaka 2001, unaeleza kwamba neno "risasi" laweza kuwa na maana ya risasi nzima na pia vipande vyake: maganda, fataki, baruti na vichwa, ikiwa vipande hivyo vinadai ruhusa katika nchi inayohusika. Basi yale maneno manne tuliyoandika ubaoni ni maneno ya sheria pia. Mtu asiseme, "Mimi sina risasi, nina vipande tu."

(Mapumziko mafupi. Wanafunzi wajadiliane wawili wawili: Kwa nini Serikali hutaka kujua idadi ya risasi?)

Jambo la nne: hesabu ya fedha.

Hata kama sheria zote zingeruhusu, je, mkulima wetu angepata faida? Shikeni kalamu. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano wa kujifunzia.

Mashine ni dola 240. Ni chuma kizito, kwa hiyo inakuja kwa meli, na nauli ni dola 150. Bima ni dola 10. Jumlisheni: 240 na 150 na 10 ni 400. Katika karatasi za Kiingereza jumla hiyo huandikwa kwa herufi tatu, C.I.F., maana yake bei ya kitu, bima na nauli mpaka bandarini. Ziandikeni herufi hizo, kwa maana ofisa wa forodha hatozi ushuru juu ya 240. Kwa mzigo wa meli anatoza juu ya 400.

Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne tangu Julai 2022: asilimia 0, 10, 25 na 35, kwa kadiri ya aina ya kitu. Tuchukue asilimia 25. Asilimia 25 ya 400 ni 100. Sasa tuna 500. Juu ya hiyo 500 kuna kodi ya ongezeko la thamani. Tanzania Bara kodi hiyo kwa bidhaa zinazoingia ni asilimia 18. Asilimia 18 ya 500 ni 90. Jumla sasa ni dola 590. Na bado kuna malipo ya wakala wa forodha, ada za bandari, na gari la kuleta mzigo nyumbani. Hayo tuyaache.

Kitu cha dola 240 kimekuwa cha dola 590. Somo hilo ni la vitu vyote vya ng'ambo, hata cherehani: bei ya tangazo si bei ya mlangoni kwako.

Sasa tuseme kila risasi inayojazwa upya inampunguzia mkulima nusu dola. Ili nusu dola nyingi zifikie 590 anahitaji risasi 1,180. Yeye kwa mwaka mzima, kwa kuwafukuza nguruwe mwitu, hutumia risasi 30. Gawanyeni 1,180 kwa 30. Mtapata miaka 39 na zaidi. Kama leo ana miaka 40, fedha yake itarudi akiwa na miaka 79. Wanaopata faida kwa mashine hizi ni watu wa kulenga shabaha kwa mchezo, wanaopiga risasi mamia kila mwezi. Mtu wa risasi 30 kwa mwaka hayumo.

Sasa tumjibu mkulima wetu.

Asiagize. Asitume fedha, wala asimpe mwanawe namba ya benki aijaze katika ukurasa wa duka la ng'ambo. Akitaka risasi, anunue kwa mwenye duka aliyepewa leseni, kwa kibali chake, na aweke stakabadhi. Kama duka ni mbali, wenye leseni wa kijiji wapange safari pamoja siku moja, ila kila mtu akanunue kwa kibali chake mwenyewe na kuzibeba zake mwenyewe. Tena aulize ofisi ya wanyamapori ya wilaya juu ya njia nyingine za kulinda shamba. Mitaro, uzio na zamu za usiku havihitaji forodha.

Lakini je, hakuna mtu yeyote awezaye kuagiza vifaa hivi? Kama yuko mfanya biashara wa silaha mwenye leseni, au chama cha walenga shabaha, aliye na haja ya kweli, njia yake ni hii. Iandikeni kwa namba.

Moja. Kabla ya neno lolote kwa muuzaji, aende kwa Polisi, kwa ofisa anayeshughulikia leseni za silaha, aulize kwa maandishi: je, sheria inaruhusu, na kwa kibali gani? Jibu la mdomo halitoshi.

Mbili. Akijibiwa hapana, mambo yamekwisha. Akijibiwa ndiyo, angoje kibali mkononi. Asilipe kwa matumaini ya kibali.

Tatu. Amwandikie muuzaji, ampelekee nakala ya kibali, amwulize kama nchi yake inataka ruhusa ya kupeleka nje, na nani ataiomba. Muuzaji asiyeuliza kibali cha mnunuzi ni muuzaji wa kuogopwa.

Nne. Adai karatasi ya makadirio yenye jina halisi la kila kifaa, idadi, bei, nauli na bima. Jina katika karatasi liwe lile lile lililo katika kibali, na lile lile litakaloandikwa juu ya sanduku. Majina matatu yakitofautiana, mzigo utazuiliwa.

Tano. Alipe kwa benki, kwa jina la kampuni, na atunze kila karatasi, hata bahasha.

Ndugu zangu, mmeona kwamba katika hatua hizo tano fedha inakuja mwisho. Mwenye haraka huanza na fedha, akamaliza kwa kutafuta ruhusa. Kusoma ndiko kunakogeuza mpango huo. Anayeweza kusoma sharti dogo lililoandikwa chini ya tangazo, na kusoma leseni yake mwenyewe, anajua lipi ameruhusiwa na lipi hakuruhusiwa. Basi kazi yenu ya nyumbani ni hiyo: kila mmoja achukue leseni au kibali chochote kilichomo nyumbani mwake, cha baiskeli ya biashara, cha duka, cha uvuvi, au cha bunduki, akisome chote, mbele na nyuma, kisha aandike sentensi mbili. Ya kwanza: "Karatasi hii inaniruhusu..." Ya pili: "Karatasi hii hainiruhusu..."

Maneno ya kujifunza

Fataki: kidude kidogo kinachotoa moto kikigongwa.
Ganda: kikombe cha madini kinachoshika fataki, baruti na kichwa.
Kalibu: chuma cha kukipa kitu umbo.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.
Makadirio: bei iliyoelezwa kabla ya kununua.
Forodha: ofisi ya Serikali inayokagua na kutoza vitu vinavyoingia nchini.

Maswali ya darasa

1. Taja vipande vinne vya risasi ya kisasa. Ni kipi kinachobaki baada ya bunduki kupigwa?
2. Kwa nini mtu haruhusiwi kuagiza fataki kwa kifurushi cha posta?
3. Leseni ya kumiliki bunduki haimpi mtu ruhusa gani?
4. Kitu ni dola 120, nauli ya meli dola 70, bima dola 10. Ushuru ni asilimia 10, na kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Kitafika kwa bei gani? (Jibu: dola 259 na senti 60.)
5. Muuzaji anasema ataandika jina jingine juu ya sanduku. Mwandikie barua fupi ya kumkatalia.

Walimu, tafadhali zikusanyeni barua za swali la tano, zisomwe darasani kabla ya somo lijalo. Msisahihishe herufi tu. Angalieni kama mwandishi amekataa kwa maneno yasiyo na shaka.